Kikundi cha kuacha pombe mjini Lubumbashi: maoni ya dada aliyemsindikiza mdogo wake

Kikundi ninachokitathmini hapa hukutana jioni, mara mbili kwa wiki, katika chumba cha mikutano cha parokia moja ya Lubumbashi, na kazi yake ni moja tu: watu walioshindwa kuacha pombe wakiwa peke yao hukaa pamoja ili wasaidiane kuiacha. Hakina daktari, hakiuzi dawa, hakina kibao mlangoni wala hakitoi cheti cha kuhudhuria. Nimekifahamu kwa kumsindikiza mdogo wangu, ambaye ameniruhusu kuandika habari zake kwa sharti la kutotaja jina lake, na kwa kuhudhuria mwenyewe mikutano ile iliyo wazi kwa ndugu na marafiki. Maoni yangu ni kwamba kinafanya vizuri sana lile jambo dogo kinalodai kulifanya, na kwamba sehemu kubwa ya ubora wake inatokana na kujua mahali uwezo wake unapokoma. Kina kasoro pia, na baadhi yake si ndogo.

Sitataja jina la parokia wala la barabara. Wanaohudhuria wameahidiana kwamba aliyeonekana mle ndani na yaliyosemwa mle ndani yabaki humo humo, na Lubumbashi, pamoja na ukubwa wake wote, ni mji ambao mtu akikohoa Katuba jioni, shemeji yake aliye Ruashi huulizwa asubuhi kama mgonjwa ameamkaje. Kwa sababu hiyo hiyo msomaji hatakuta hapa visa vya watu niliowasikia. Nitaeleza namna mambo yanavyoendeshwa, na panapohitajika mfano nitatumia ule wa nyumbani kwetu peke yake.

Kukipata kikundi ndiyo kazi ya kwanza, na ni kazi kweli. Hakitangazwi redioni, hakibandiki karatasi ukutani, na ukimuuliza mpita njia mbele ya kanisa atakuelekeza kwenye mazoezi ya kwaya. Tulianza kwa kuulizia kwa watu wa karibu, tukapewa majina ya wachungaji na ya waganga, wala hakuna aliyetutajia kikundi. Njia iliyotufikisha ilikuwa ya wahudumu wa afya: muuguzi wa kituo cha mtaa wetu alitupa namba ya simu ya mtu wa kuzungumza naye, baada ya kuhakikisha kwamba mdogo wangu mwenyewe, na si mimi, ndiye anayeitaka. Mtu akiniomba ushauri leo, nitamwambia aanzie pale wanapotibiwa wagonjwa wa akili, hata kama jina la mahali hapo linamtisha, kwa kuwa watu wa huko hukutana kila siku na ulevi uliokomaa na ndio wanaojua nani anakutana wapi. Hapa kwetu kipo Kituo cha Joseph Guislain, kilichopewa jina la daktari wa Ubelgiji wa karne ya 19 na kinachoendeshwa na mabradha wa shirika la Frères de la Charité. Shirika hilo hilo ndilo lenye Tulizo Letu mjini Goma na SOSAME mjini Bukavu, nami nayataja haya kwa ajili ya wasomaji wa Kivu ambao anwani za Lubumbashi haziwafai kitu. Ofisi ya parokia nayo ni mlango mzuri, mradi uulize wakati hakuna foleni ya watu wanaosubiri vyeti vya ubatizo nyuma yako.

Nalazimika kusema neno juu ya vitu ambavyo familia nyingi hununua kabla ya kufika kikundini, maana hata sisi tulishawishiwa kuvinunua. Masokoni kuna chupa zisizo na lebo na unga uliofungwa katika vipande vya karatasi, ambao mke au mama huambiwa autie kwa siri ndani ya chakula cha mlevi ili aichukie pombe. Huenda kilichomo ni mzizi usio na madhara wala faida. Lakini ipo dawa halisi ya hospitali yenye tabia hiyo, disulfiramu, ambayo huuzuia mwili kumaliza kazi ya kukivunja kileo, hata ile sumu ya katikati iitwayo asetaldehidi ikajikusanya katika damu. Aliyeimeza akinywa pombe, uso humuwaka, moyo humwenda mbio, hutapika, na shinikizo la damu linaweza kumshuka kiasi cha kuhatarisha maisha. Ndiyo sababu madaktari huitoa kwa mtu anayejua anachomeza na aliyekikubali. Nilimuuliza msimamizi wa kikundi kama wao wana dawa ya namna hiyo; akanijibu kwamba hawana, na kwamba hata wangekuwa nayo wasingempa dada wa mtu. Jibu hilo lilinikera kidogo siku ile. Sasa nalihesabu miongoni mwa sifa za kikundi.

Sifa nyingine niliiona mapema zaidi, katika simu ya kwanza. Hawakuuliza dini, kabila wala kazi. Waliuliza mdogo wangu hunywa nini, kwa kiasi gani, kwa miaka mingapi, na kama asubuhi, kabla hajaonja chochote, mikono yake hutetemeka. Ilikuwa inatetemeka, na kinywaji chake kilikuwa lutuku, ile pombe kali ya kienyeji inayokenekwa kwa mahindi na mihogo. Basi wakasema asiache siku hiyo kwa ghafla, asije kwanza kwenye mkutano, aende kwa daktari. Kwa mtu aliyezoea kusikia kila mahali kwamba mlevi anachokosa ni uamuzi tu, agizo la kutoacha leo lilinishangaza, na nililielewa tu baada ya kuelezwa hospitalini.

Mtu aliyekunywa kwa wingi kila siku kwa miaka mingi, ubongo wake umejirekebisha ili ufanye kazi katikati ya pombe, na pombe ikiondolewa ghafla mishipa ya fahamu hubaki imechachamaa pasipo kitu cha kuituliza. Kutetemeka, jasho, wasiwasi na kukosa usingizi huanza kati ya saa 6 na 24 baada ya kinywaji cha mwisho. Degedege, kwa wale linaowapata, huja zaidi ndani ya siku mbili za kwanza. Kati ya siku ya pili na ya nne wengine huingia katika hali ambayo madaktari huiita delirium tremens: mtu huchanganyikiwa, huona wadudu au watu wasiokuwapo, mwili hupanda joto, moyo hukimbia, na asipotibiwa anaweza kufa. Nyumbani hali hii hutafsiriwa kuwa uchawi au mapepo, na mgonjwa hupelekwa kukesha katika maombi wakati anapohitaji kitanda cha hospitali. Tiba yake inajulikana: dawa za kutuliza za jamii ya diazepamu, kwa kipimo kinachopunguzwa siku hadi siku, pamoja na vitamini B1, kwa sababu mnywaji asiyekula vizuri huwa ameishiwa nayo, na upungufu wake unaweza kumharibia kumbukumbu na mwendo moja kwa moja. Mdogo wangu alilazwa, akatetemeka mbele ya wauguzi badala ya kutetemeka mbele ya watoto wake, kisha ndipo akaenda kikundini. Kikundi ambacho kingempokea moja kwa moja kwa nyimbo na makofi kingeweza kutuzikia mtu, na naamini viko vikundi vya aina hiyo.

Huko hospitali alijazishwa pia fomu ya maswali 10 ya Shirika la Afya Duniani, inayojulikana kwa jina la AUDIT, ambayo alama zake huanzia 0 hadi 40. Kuanzia 8 unywaji huhesabiwa kuwa wa hatari, na kuanzia 20 daktari hushuku kwamba mtu ameshakuwa mtegemezi wa pombe. Nataja fomu hii kwa sababu nakala yake ipo pia kikundini, mezani karibu na mlango, na mtu yeyote anaweza kuichukua na kwenda nayo nyumbani bila kuulizwa. Tatizo la watu wetu ni kwamba fomu huhesabu vinywaji vya wastani, chenye gramu 10 hivi za kileo kila kimoja, ilhali sisi huhesabu chupa. Mimi ni mwalimu, nikakaa na kalamu: chupa kubwa ya bia yenye sentilita 72 na kileo cha asilimia 5 ina takriban gramu 28 za kileo, kwa hiyo yule bwana anayesema kila jioni hunywa mbili tu, na wala si mlevi, amekunywa karibu vinywaji sita. Ingefaa mtu aandike hesabu hii kwa kalamu ya wino chini ya fomu.

Mkutano wenyewe huanza saa kumi na mbili jioni na huchukua muda wa saa moja na nusu. Viti vya plastiki hupangwa kwa duara, taa ya kuchaji huwekwa tayari kwa ajili ya umeme unaokatika, na chai huwa ndani ya chupa kubwa karibu na dirisha. Msimamizi wa jioni, ambaye hubadilika, husoma maneno ya kufungulia, kisha Hatua Kumi na Mbili, yaani mwongozo wa kuacha pombe ambao kikundi hufuata, kisha huchagua moja ya kuzungumziwa. Kila anayetaka kusema hutaja jina lake la kwanza na kueleza yaliyomkuta yeye. Anayependa kunyamaza hunyamaza, hata kwa mwezi mzima, na hakuna anayemsukuma. Ni marufuku kumkatiza mtu, na ni marufuku pia kumjibu kwa ushauri. Sharti hili la pili nililiona geni, kwa kuwa sisi tunalelewa kuamini kwamba mkubwa akisikia shida ya mdogo asipotoa neno amekosa adabu. Lakini nikiwasikiliza wale waliosimuliwa mawaidha miaka yote bila kufaidika, naona kwa nini kikao ambacho hakuna mtu anayehubiriwa kinawavuta.

Vyeo huachwa mlangoni. Mjini kwetu kila mtu ni chef au patron wa mtu fulani, na nilikuwa na mashaka kwamba mtu wa ofisi na mtu wa kusukuma mkokoteni wangeweza kuketi bega kwa bega. Wanaketi. Heshima ya umri imebaki, yaani wazee huitwa Papa na Mama, na waliotangulia kidogo huitwa Yaya, na sioni ingekuwaje vinginevyo. Katikati ya mkutano kikapu huzungushwa, kila mmoja akitia alichonacho kwa ajili ya chai na kodi ya chumba, na anayefika mara ya kwanza huambiwa waziwazi asitie kitu. Hiyo ndiyo gharama yote. Msaada wa fedha kutoka nje haupokelewi, na hilo nimelithibitisha kwa kujaribu kuutoa.

Namna hii ya kuendesha mambo haikubuniwa hapa, na kikundi hakijifanyi kwamba ilibuniwa hapa. Si tawi la mtu, lakini kimeazima njia ya Alcoholics Anonymous, ambayo wanaosema Kifaransa huiita Alcooliques Anonymes. Ilianza mwaka 1935 katika mji wa Akron, jimbo la Ohio nchini Marekani, pale Bill Wilson, mtu wa biashara ya hisa kutoka New York, alipokutana na Bob Smith, daktari mpasuaji, wote wawili wakiwa walevi ambao tiba za wakati wao zilikuwa zimewashinda. Wilson aligundua kwamba hamu yake ya kunywa ilipungua alipozungumza na mlevi mwenzake; tarehe 10 Juni ya mwaka huo, siku inayohesabiwa kuwa ya mwisho kwa Smith kunywa, huadhimishwa kama siku ya kuzaliwa kwa AA. Sharti la uanachama lilibaki moja, hamu ya kuacha kunywa, na kanuni ya kujitegemea kifedha ndiyo iliyonirudishia noti yangu.

Je, inafaa? Wapo wanaoidharau kwa kuwa haina vidonge, na wapo wanaoisifu kana kwamba haishindwi. Mwaka 2020 mtandao wa Cochrane, ambao kazi yake ni kukusanya na kupima tafiti za tiba, ulichapisha mapitio ya tafiti 27 zenye washiriki 10,565, na matokeo yake yalikuwa kwamba programu za kumwingiza mtu katika njia ya AA, zikiendeshwa kwa utaratibu maalumu, zilisaidia kuacha pombe kabisa kwa kiwango kilicho sawa au bora kuliko tiba nyingine za mazungumzo: baada ya mwaka mmoja, kati ya watu 100, takriban 42 walikuwa hawanywi kabisa, dhidi ya 35 waliopata tiba hizo nyingine. Namba hizo zinatia moyo, na papo hapo zinaonyesha kwamba zaidi ya nusu walikuwa bado wanahangaika. Tena sehemu kubwa ya tafiti hizo ilifanywa Marekani, kwa watu ambao hawakulazimika kupita mbele ya vibanda kumi vya pombe wakitoka mkutanoni. Nimelisema hili kikundini, katika mkutano wa wazi, na hakuna aliyekasirika. Msimamizi alisema tu kwamba wao hawahesabu asilimia, wanahesabu leo.

Suala la Mungu linastahili nafasi yake, kwa sababu ndilo linaloulizwa na kila mtu ninayemweleza habari za kikundi. Wanakutana parokiani, lakini padre hahudhurii isipokuwa kama ana tatizo la pombe, na hakuna misa, sadaka wala kuombewa kwa kuwekewa mikono. Hatua zenyewe zinamtaja Mungu kadiri kila mmoja anavyomfahamu, na mkutano hufungwa kwa sala fupi ya kuomba utulivu wa kuyapokea yasiyobadilika na ujasiri wa kuyabadili yanayowezekana. Mkatoliki, Mmethodisti na Mwislamu wanaweza kuisema bila kujisaliti, na asiyetaka kuisema husimama kimya. Kinachowatatiza wengi ni kitu kingine: baadhi ya makanisa ya uamsho hufundisha kwamba mtu akishaombewa amefunguliwa, na kwamba kuendelea kujiita mlevi ni kukosa imani. Mdogo wangu alisumbuliwa na mafundisho hayo kwa muda. Kikundi hakikubishana na mchungaji wake. Kilimwambia aendelee kusali kwake na kuja huku, na ndivyo anavyofanya.

Kwa upande wa familia, kikundi kina mkutano mmoja wa wazi kila mwezi, na hapo ndipo mimi nilipopata faida isiyokuwa ya mdogo wangu. Tangu mwaka 1951 ndugu wa walevi wana chama chao, Al-Anon, alichokianzisha Lois, mke wa Bill Wilson, pamoja na rafiki yake, baada ya wake waliokuwa wakiwasubiri waume zao nje ya mikutano kutambua kwamba nao wana ya kuzungumza. Mkutano wetu wa kila mwezi unaazima fikra zake. Kinachosemwa humo ni kigumu kumeza kwa dada mkubwa wa Kikongo: kwamba kulipa deni la mlevi kwenye kabare, yaani kilabu cha pombe, kumpigia simu mkuu wake wa kazi na kusema ana malaria, kumfulia nguo kabla mkewe hajaamka, yote hayo humwondolea matokeo ya unywaji wake na kumpa nafasi ya kunywa tena. Nilipinga. Bado napinga kwa sehemu, kwa sababu deni lisipolipwa anayedhalilika ni mke na watoto, na fikra iliyozaliwa mahali ambapo kila nyumba inajitegemea haiwezi kuhamishiwa nzima nzima katika ukoo ambao fedha ya mmoja ni ya wote. Lakini nilijifunza kutofautisha kununua unga kwa ajili ya watoto na kulipa chupa, na nilijifunza kumwachia mdogo wangu ampigie simu mkuu wake yeye mwenyewe. Ningependa mkutano huu uwe kila wiki. Mara moja kwa mwezi ni haba, na anayeukosa mmoja hukaa miezi miwili na moto wake kifuani.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote si ya hatua wala sala, ni ile nusu saa ya mwisho ambapo watu hupeana mbinu za maisha ya hapa. Siku ya mshahara: mwambie mkeo au ndugu akungoje penye mlango wa kazi, na fedha zigawanywe kabla ya kufika barabara ya vibanda. Kwenye kilio, ambako usiku ni mrefu na chupa huzunguka: fika mapema, omba kazi, shika kitabu cha michango au simamia viti, kwa kuwa mwenye kazi hatazamwi anakunywa nini, na uondoke kabla ya saa nne usiku. Kwenye mahari, ambako kreti za bia zimo katika orodha yenyewe na kukataa glasi ya shemeji kunaweza kuchukuliwa kuwa kuukataa ukoo: agiza sukre, yaani soda, kabla hujakaa, glasi yako iwe imejaa daima, na ukiulizwa sema daktari amekataza, neno ambalo si uongo na ambalo hakuna mzee anayelipinga. Nimehudhuria mafunzo mengi ya siku tatu yenye kalamu na vitafunio ambayo hayakunipa nusu ya mambo yenye manufaa kiasi hicho.

Aliyeanguka na kunywa tena hafukuzwi. Akija akiwa amelewa huruhusiwa kuketi na kusikiliza, ila huombwa asizungumze mpaka siku nyingine, na mwenzake mmoja humsindikiza hadi nyumbani. Kila mgeni anayetaka hupewa mlezi, mtu wa jinsia yake aliyekaa muda mrefu bila kunywa, ambaye anaweza kupigiwa simu saa yoyote. Mlezi wa mdogo wangu amepokea simu usiku wa manane, na nadhani simu hizo zimefanya kazi kuliko mikutano yenyewe.

Sasa kasoro. Saa kumi na mbili jioni inamfaa mwanamume anayetoka kazini, lakini mwanamke atakayerudi peke yake gizani katika mitaa yetu ya Kenya au Ruashi, baada ya kuacha chakula jikoni na maelezo kwa mumewe, hawezi kuizoea. Matokeo yake wanawake ni wachache, na uchache huo huwafukuza hata wale wanaofika, kwa sababu mwanamke anayejulikana kuwa mlevi hapa kwetu hubeba aibu ambayo mwanamume habebi. Kukosekana kwa walezi wa kike kunafuata hapo hapo.

Kasoro kubwa zaidi sioni ikizungumzwa na mtu. Mafundisho yanasema epukana na watu, mahali na vitu vinavyokukumbusha pombe. Maneno hayo anaambiwaje mama anayekeneka lutuku nyumbani ili alipe shule za watoto, ambaye ameanza kwa kuonja ili ajue kama imekolea na sasa hawezi kulala bila kuonja? Pipa lake liko uani, wateja wake ni majirani, na akizima moto watoto hawasomi. Kwa mtu wa namna hiyo kikundi kina masikio tu, na kwa kuwa kimejikataza kupokea fedha za nje, hakiwezi kumpa mtaji wa kuanza kuuza mkaa au samaki. Naelewa kanuni na sababu zake. Hata hivyo hakuna kinachokizuia kuwa na orodha ya vikundi vya akiba na mikopo vya mtaani, na kumpeleka huko kama kilivyotupeleka sisi kwa daktari.

Mambo madogo nitayapita haraka. Vijitabu ni vya Kifaransa, na ingawa msimamizi hueleza kwa Kiswahili chetu anaposoma, asiyesoma Kifaransa hana cha kwenda nacho nyumbani. Kuna jioni ambazo wasemaji wawili humaliza muda wa wote, na msimamizi, kwa kuheshimu mvi, hawakatishi. Saa ndogo mezani ingemwokoa. Choo cha parokia hufungwa mapema.

Kikundi kinamfaa mtu ambaye mwenyewe anataka kuacha, hata kama anataka kwa shingo upande, na ambaye anaweza kufika mara mbili kwa wiki. Hakimfai aliyeburutwa na ukoo. Wapo walioburutwa wakabaki, lakini wengi huondoka wakati wa chai. Mwenye huzuni nzito au mawazo ya kujiua apelekwe hospitali kwanza, na wahusika wa kikundi watakuwa wa mwanzo kusema hivyo.

Ombi langu kwa wasimamizi, ambao najua watasoma haya kwa kuwa niliwaonyesha kabla ya kuyatoa, ni kufungua kikao cha wanawake Jumamosi asubuhi, wakati chumba kiko wazi na njia zina watu. Padre amekwisha kusema hana pingamizi, na chupa ya chai nitaileta mimi.